Msingi wa Nyumba ya Tuomo

Kiangazi kile Hilkka Kosunen alilala kwenye karavani ya kuazima, kinyumba cha magurudumu kilichoegeshwa chini ya kiwanja cha mwanawe, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza kushika kazi. Alioga ziwani, akanywa kahawa yake wima, akafunga kitambaa kichwani, kisha akapiga magoti kwenye changarawe mbele ya ukuta. Mpita njia asingemdhania kuwa mama wa mwenye nyumba. Angesema huyu ni fundi wa kibarua, tena fundi mwenye haraka ya kumaliza aende kwingine.

Haraka alikuwa nayo kweli, ila haikuwa ya kwenda kwingine. Alitaka kuhamia.

Nyumba ilijengwa kwenye mteremko. Nusu ya ghorofa ya chini ilizama ndani ya kilima, na nusu ya pili ilitazama ziwa. Upande huo wa ziwa kulikuwa na chumba kipana chenye dirisha kubwa, choo chake na mlango wake wa kutokea uani. Kuta za chini zilikuwa za matofali ya zege, na zege, kama ajuavyo kila aliyewahi kulala chumba cha chini katika mkoa wao wa baridi wa Savo, hunywa baridi kama mlevi anywavyo pombe ya bure. Ndiyo maana huvalishwa nguo kwa nje. Vibao vinene vya povu gumu hubandikwa ukutani kuanzia kwenye unyayo wa msingi mpaka penye mbao za ghorofa ya juu. Sehemu ya ardhini hufukiwa kwa changarawe. Sehemu inayochungulia juu ya ardhi hutandazwa wavu na kupigwa lipu, kwa sababu povu likiachwa uchi jua huligeuza manjano likapukutika kama unga, panya wa shambani wakalitoboa wakazalia humo, na sisimizi wakaja nyuma yao.

Vibao alibandika Hilkka. Tuomo alimsaidia jioni na mwisho wa wiki, lakini mchana alikuwa kazini, akizunguka mashamba ya watu kutengeneza mashine za kukamulia ng'ombe. Wavu aliutandaza Hilkka. Lipu alipiga Hilkka. Kazi hiyo aliijua tangu usichana wake, siku ambazo mwanamke akionekana juu ya jukwaa la ujenzi mjini Kuopio wanaume walisimamisha toroli ili wamtazame. Aliifanya mpaka alipostaafu, na bega lake la kulia halikuwahi kumsamehe.

Mambo yalianza hivi. Mumewe Veikko alifariki, akamwacha peke yake kwenye nyumba ya mbao huko kijijini, pamoja na theluji ya kukokota, kuni za kupasua, na kimya cha jikoni. Tuomo alikuwa mtoto wao wa pekee. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata alikuja kumwona mama yake akiwa na ramani ya nyumba mpya chini ya kwapa, akaitandaza mezani katikati ya vikombe, akaweka kidole juu ya kile chumba cha chini.

"Hapa, mama," alisema. "Kina mlango wake. Asubuhi jua linaingia. Ungekaa vizuri hapa."

Hilkka aliitazama ramani mpaka kahawa ikapoa. Hakulia mbele ya mwanawe. Alimuuliza tu ukuta utavalishwa nini kwa nje.

"Hapo ndipo ningehitaji mkono wako," Tuomo akasema, akatabasamu lile tabasamu lake.

Tuomo alikuwa mtu mpole, mzuri wa uso, asiyepandisha sauti. Tangu utoto hakuwahi kumtamkia mtu hapana, na ndiyo pia hakuitamka sana. Watu wa Savo wenyewe husema kwa utani kwamba Msavo akishafungua kinywa, mzigo wa maneno ni wa msikilizaji. Hilkka alikuwa Msavo wa kuzaliwa, na utani huo alikuwa ameucheka maisha yake yote. Hakukumbuka kuupima mezani kwake siku hiyo. Theluji ilipoyeyuka aliuza nyumba. Walioinunua walikuwa vijana wawili kutoka mjini, na kabla ya mwezi kuisha walikuwa wamelibomoa tanuri la mkate alilolijenga na kulipiga lipu kwa mikono yake mwenyewe, wapate nafasi ya jokofu. Jirani alimpigia simu kumpa habari hiyo. Hilkka alijibu kwamba nyumba ni yao, wana haki.

Ile karavani ilikuwa ya Urpo, mjane mwenzake wa ng'ambo ya barabara, mwenye trekta na mdomo usiotulia. Urpo ndiye aliyeleta changarawe ya kufukia, na kila alipoimwaga alishuka kwenye trekta kukagua kazi ambayo hakuna aliyemwomba aikague.

"Hilkka, nyumba unaivalisha koti jipya, na wewe mwenyewe koti lako viwiko vimetoka," alisema siku moja, ameshika kiuno.

"Koti langu halinyeshewi mvua usiku kucha."

"Na wewe halikupi joto usiku kucha pia."

"Urpo, kama umekuja kutafuta mke, huyu ana saruji mpaka masikioni."

"Ndiyo ninaowapenda. Hawawezi kukimbia." Akakwaruza lipu kwa ukucha, akatikisa kichwa. "Hii itakuwepo sisi tukiwa tumeshasahauliwa. Na wewe utakuwa ndani unaangalia theluji kama malkia."

"Nitakuwa ndani," Hilkka akasema. Alilisema polepole, kama mtu anayeonja supu.

Alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani. Kitanda kingekaa ukuta wa ndani, kiti cha Veikko karibu na dirisha. Alipokuwa akipiga lipu upande wa nje wa dirisha hilo alitia wavu mara mbili kwenye kona zake, kwa kuwa kona za dirisha ndizo hupasuka kwanza, naye hakutaka kuja kuamka asubuhi na kuona ufa.

Mkewe Tuomo aliitwa Heini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, mkandaji wa misuli kwa kazi yake, na alikuwa amepanga chumba cha kupokelea wateja mjini, juu ya duka la dawa. Yeye na Hilkka hawakuwa marafiki wala hawakuwa maadui. Heini alimletea chakula cha mchana siku zake za mapumziko, mara viazi vipya na samaki wa kukausha kwa moshi, mara mkate mweusi wa rai, nafaka ya nchi za baridi, uliookwa na samaki ndani. Akikuta bega limemshika mama mkwe wake, alilikanda hapo hapo, juu ya rundo la mbao, bila kuulizwa. Alimwita Hilkka kwa jina lake, kama ilivyo desturi yao, na Hilkka aliona hilo ni sawa.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu, nzuri kwa lipu, maana jua kali huikausha kabla haijashika. Hilkka alikuwa amefika kwenye ukuta wa kusini, kando ya mlango wa kile chumba, karai limejaa, mwiko mkononi. Heini aliteremka ngazi za kilimani na futi ya kupimia. Akapima kutoka kwenye fremu ya mlango, akarudi nyuma, akatazama kwa jicho moja.

"Hilkka, hapa kando ya mlango utaweza kupalainisha kuliko kwingine?"

"Naweza. Kwa nini hapo?"

"Kibao. Nataka kikae mahali mtu akishuka kwenye gari tu anakiona."

"Kibao cha nini?"

"Cha kazi yangu." Heini akatoa simu, akamwonyesha mchoro. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi za kijani, na mkono umechorwa chini yake.

Hilkka alikitazama akaona ni kizuri. Kwanza hakuelewa. Alidhani wateja watapita hapo kwenda juu.

"Lakini hao wenye migongo mibovu utawapandisha ngazi zote hizo?" aliuliza.

"Ngazi gani? Si wataingia hapa hapa." Heini akagonga mlango kwa kiungo cha kidole. "Ndiyo raha yake. Hawagusi nyumba yetu hata kidogo. Lile jengo la mjini litavunjwa masika, nimeshapewa taarifa. Bila chumba hiki ningekuwa nimekalia kuti kavu."

Mwiko wa Hilkka ulikuwa juu ya ukuta. Uliendelea kwenda, mpaka ukafika mwisho wa mkono wake, ukasimama.

"Heini," alisema, "chumba hiki nitakaa mimi."

Heini alicheka kidogo, kama mtu anayengoja sehemu ya pili ya utani. Haikuja. Akauona uso wa Hilkka, akaacha kucheka.

"Nani kakwambia?"

"Mwanangu. Mwezi wa tatu, mezani kwangu. Ndiyo sababu niliuza nyumba."

"Uliuza kwa ajili ya theluji na kuni."

"Theluji na kuni nimekuwa nazo tangu sijaolewa."

"Tuomo aliniambia nyumba ya kupanga mjini ingekufaa, kuanzia vuli. Nikajua umeshaandikisha." Heini alisema polepole, akisikiliza maneno yake mwenyewe yakitoka. "Aliniambia karavani ni ya kiangazi tu. Kwamba unapenda kazi, ukikosa kazi utaugua."

"Sijaandikisha nyumba yoyote."

"Mimi nimeshaagiza meza ya kukandia. Imo njiani."

Walitazamana. Baadaye Hilkka alisema kwamba kama Heini angekuwa mwongo siku hiyo, kila kitu kingekuwa chepesi. Angepata mtu wa kumchukia, na mkwe ndiye mtu ambaye dunia nzima hukuruhusu kumchukia. Lakini Heini alisimama pale rangi imemtoka usoni, futi inajikunja yenyewe mkononi mwake, na ilikuwa wazi kama mchana kwamba hakujua. Wote wawili walikuwa wamepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa ilikuwa moja.

"Nimpigie simu?" Heini akauliza.

"Usimpigie. Ukimpigia atapata njia nzima ya kutunga. Mwache aje."

Kisha Hilkka akageukia ukuta. Lipu ikishachanganywa haijui matanga; ikigandia karaini umepata jiwe. Akaipiga mpaka karai likaisha, akaipitisha ubao wa kusawazishia, akalainisha kando ya mlango kama alivyoombwa. Mikono ilifanya kazi yake. Kichwani alikuwa akimpitia mwanawe tangu utoto. Alikumbuka alivyokuwa akiulizwa nani kavunja kikombe, naye anajibu kwamba vikombe vile ni vyepesi sana. Walicheka, yeye na Veikko. Walisema huyu atakuwa mwanasiasa.

Heini hakupanda juu. Alikaa kwenye rundo la mbao, na Hilkka alipomaliza kuosha vyombo akaja kukaa upande wa pili wa rundo hilo hilo. Hivyo ndivyo Tuomo alivyowakuta. Gari lake liliingia uani, injini ikazimwa, lakini mlango haukufunguliwa. Hilkka alimwona kwenye kioo, ameshika usukani, anawatazama. Hapo akajua kwamba mwanawe ameshaelewa kilichotokea.

Mwishowe alishuka.

"Kahawa ipo?" aliuliza.

"Tuomo," Heini akasema, "chumba cha chini ni cha nani?"

"Ni cha sisi sote. Nyumba ni yetu sote."

"Nani atakuwa humo majira ya baridi?"

"Hilo si jambo la kukaa na kulipanga vizuri? Watu wamechoka, siku yenyewe imekuwa ndefu…"

"Mimi sijachoka," Hilkka akasema. "Uliniambia nini mwezi wa tatu?"

Tuomo akatazama ziwa. Akatazama ukuta mbichi. "Umetoka vizuri," alisema. "Huo upande wa mlango hasa."

"Uliniambia nini?"

"Nilisema ungekaa vizuri pale. Ungekaa, mama. Sikusema utakaa."

Hilkka ndiye aliyemfunza mtoto huyu maneno, moja moja, amempakata, akimwonyesha kijiko na paka na mwezi. Hilo hakukumbuka kumfunza.

"Na mimi?" Heini akauliza.

"Nilisema kingekufaa. Na kweli kingekufaa."

"Kwa hiyo hujamwambia mtu uongo."

"Sijamwambia mtu uongo," Tuomo akakubali, na ilionekana kwamba jambo hilo lilimfariji kidogo. "Mlikuwa mmefurahi nyote. Wewe ulikuwa hulali kwa ajili ya lile jengo. Mama alikuwa kama mtu aliyefukiwa. Ningemnyang'anya nani? Nilidhani mtazungumza wenyewe, mtaelewana, nyinyi wanawake mna njia zenu. Nilitaka tu tupumue kwanza. Tumalize kwanza ukuta, halafu—"

Neno lilikuwa limeshatoka.

"Tumalize kwanza ukuta," Hilkka akasema.

"Sikumaanisha hivyo, mama."

"Ulimaanisha nini?"

Tuomo alipiga hatua kuelekea kwa mama yake, akamwona Heini anavyomtazama, akasimama katikati ya wote wawili na mikono imening'inia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza juu ya masikio. Hilkka aliona haya kwa niaba yake, na haya hiyo ilimchoma kuliko hasira. Hasira ni ya kwako. Haya ya mtoto wako huna pa kuiweka.

Heini akainuka kwenye rundo la mbao. "Hilkka," alisema, "kaa wewe. Mimi nitatafuta mahali pengine mjini."

Aliyasema kwa uso wa mtu anayetoa figo yake. Hilkka alimtazama. Alijua vyumba vya mjini vilivyo, na alijua kwamba Heini akikosa mahali hatakuwa na kazi. Aliiona miaka itakayokuja: yeye kwenye kiti cha Veikko dirishani, na juu ya kichwa chake nyayo za mwanamke aliyempisha, zikienda na kurudi kila siku, bila neno baya hata moja.

"Hapana," alisema. "Siwezi kulala juu ya riziki ya mtu."

Akangoja. Hakuwa amekusudia kungoja, lakini alingoja. Katika nchi ile kitu hukataliwa mara ya kwanza kwa adabu, na mwenye nia hukitoa tena. Hata kikombe cha kahawa hutolewa mara mbili.

Heini aliinamisha macho. Hakusema mara ya pili.

"Kuna kile chumba kidogo cha juu," Tuomo akaanza. "Kwa muda. Tukitoa mashine ya kufulia…"

"Nenda kanywe kahawa, Tuomo," mama yake akamwambia.

Kesho yake Hilkka aliamka kama kawaida, akaoga, akafunga kitambaa. Ukuta wa kusini ulikuwa umebaki kipande mpaka kwenye kona, na fundi haachi ukuta katikati, kwani mahali alipoachia mshono hutokea na watu huuona mpaka siku ya kiama. Alikimaliza kile kipande. Alipofika konani alisimama. Upande wa kaskazini, vibao vya povu vilikuwa vimesimama vitupu, vyeupe, wavu umeshatandazwa tayari. Mifuko ya lipu ilikuwa imepangwa chini ya turubai. Aliosha mwiko, akaosha karai, akavikausha kwa gunia, akavitia kwenye ndoo yake. Halafu akavuka barabara.

"Nivutie karavani yako," alimwambia Urpo.

"Niivute wapi?"

"Uani kwako. Mpaka nipate nyumba."

Urpo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Hilkka amfahamu akaufunga bila kuutumia. Akaenda kuwasha trekta. Walipopita mbele ya ile nyumba Tuomo alikuwa kazini na Heini mjini, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuaga, na hilo lilimfaa Hilkka.

Nyumba aliipata mjini kabla ya majani kuanguka, chumba na jiko kwenye ghorofa ya nne, jengo la zamani, ukuta wa nje wa baridi kiasi cha kuhamisha kitanda. Kiti cha Veikko kilikuwa kikubwa mno kwa chumba kile. Alimpa Urpo. Majirani walikuwa watu wa salamu fupi. Alijifunza siku ya zamu yake ya kufulia na siku ya zamu yake ya sauna, lile bafu la mvuke la jengo zima, na mambo mengine yalijipanga au hayakujipanga.

Barafu nyembamba ilipoanza kuonekana asubuhi kwenye madimbwi, Tuomo alipiga simu. Aliulizia afya, akaeleza habari za ng'ombe wa mtu mmoja, akazunguka hali ya hewa yote ya Savo ya kati. Hilkka alimwacha azunguke.

"Huo upande wa kaskazini, mama," alisema mwishoni. "Kama ungeweza siku moja mbili kabla ya baridi…"

"Siwezi."

"Bega?"

"Bega halina neno. Sitaki."

Tuomo alikuwa anangoja aongeze kitu: sababu, au kisingizio, au lawama angalau ya kumwezesha kujitetea. Wote wawili walikuwa wametoka katika ukoo ambao neno halitembei peke yake bila jingine la kulisindikiza.

"Povu litaharibika," akasema.

"Litaharibika."

"Panya watalitoboa."

"Nakwambia nimesikia, Tuomo."

Aliweka simu chini. Alitegemea kujisikia mshindi, au angalau kupumua. Badala yake alikaa jikoni akiuona ule ukuta, vibao vile alivyovikata mwenyewe na kuvibana bega kwa bega pasipitishe hata wembe, na akauonea uchungu kama mtu aliyemwacha mgonjwa nje. Karibu avae viatu. Hakuvaa.

Sherehe ya kuingia nyumbani waliifanya mwezi wa kumi na moja. Hilkka alialikwa. Heini alimpigia yeye mwenyewe, akasema maneno yaliyonyooka: kwamba angependa aje, na kwamba anaelewa asipokuja. Hilkka alimshukuru. Lakini desturi ni desturi, na mtu akiingia nyumba mpya hupelekewa mkate na chumvi hata kama ni adui yako. Akaoka mkate wa rai kwenye jiko dogo la umeme, ukatoka mgumu upande mmoja, akaufunga kwa kitambaa safi pamoja na pakiti ya chumvi, akampa Urpo aupeleke.

Kesho yake Urpo alimpigia kumpa habari. Watu walikuwa wengi, alisema. Ndugu wa Heini walikuja kutoka mbali, mji wa Joensuu. Kile chumba cha chini kimepakwa rangi ya kijani hafifu, meza ya kukandia imewekwa katikati, na wageni walipelekwa makundi makundi kukiona.

"Kina joto?" Hilkka akauliza.

"Nilivua koti. Nikavua na sweta. Ningeendelea, ila walikuwepo wanawake."

"Mkate je?"

"Mkate aliupokea Heini. Akauliza kama hujambo, nikamwambia hujambo. Akaingia nao jikoni, akakaa huko kitambo. Tuomo alikwenda nje kuangalia moto wa nyama."

"Baridi hiyo?"

"Baridi hiyo." Urpo akakohoa. "Upande wa kaskazini amepiga mwenyewe. Hilkka, sitaki kukudanganya. Ni kama kidevu kilichonyolewa na mlevi. Ikifika masika itakuwa chini yote."

Hilkka akahamishia simu sikio la pili, na Urpo akaendelea.

"Kuna jamaa mmoja pale, mjenzi, alizunguka nyumba na taa. Alipofika upande wa ziwa akapiga mluzi. Akamuuliza Tuomo, hii lipu kapiga nani? Nimtafute, nina nyumba tatu zinangoja."

"Tuomo akasema nini?"

Urpo alisita, na Hilkka akajua kwamba anatafuta namna ya kulipunguza makali, na kwamba ameikosa.

"Akasema, tulipiga wenyewe kwa wenyewe, kazi ya kifamilia."

Nje, kwenye dirisha la ghorofa ya nne, theluji ya kwanza ya maana ilikuwa imeanza kushuka, na mtu wa jengo alikuwa akiikokota uani, kazi ambayo sasa haikumhusu Hilkka. Huko upande wa pili Urpo alikuwa akimngojea acheke, au alaani, au alie, na alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Walipika nini?" Hilkka akauliza.

"Supu ya samaki. Na nyama."

"Supu ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri. Ilipungua chumvi kidogo."

"Basi," Hilkka akasema, akamuuliza kama trekta lake limeshafungwa matairi ya baridi.